Jinsi nilivyomuua kuku wa bibi

Wadau, leo naomba nianze kwa kukiri. Mwaka jana niliandika makala gazetini kuwahimiza wafugaji wawatibu na kuwachanja kuku wao "kwa kufuata ushauri wa wataalamu". Makala ndefu tu, na picha kubwa ya jogoo. Mhariri aliipenda. Nisichosema mle ndani ni kwamba mimi mwenyewe sikuwa nimeshika kuku aliye hai tangu nimalize darasa la saba. Nilikuja kumshika mwezi wa nane, nikiwa likizo kwa bibi yangu Mitundu, na alifia mikononi mwangu.

Kwa wasioijua Mitundu: iko mkoani Singida, Halmashauri ya Itigi. Unafika Itigi kwenye reli ya kati, halafu unaelekea kusini ukiwa umefunga mdomo kwa leso maana vumbi la kule halina adabu. Watu wanalima mahindi, alizeti na tumbaku, wanarina asali, na kila nyumba ina kuku. Ukisikia mtu wa Dar anasema anataka kuku wa kienyeji wa kweli, mara nyingi anamaanisha kuku wa Singida, wale wanaoshuka mjini kwenye matenga juu ya mabasi na malori.

Bibi alikuwa na kuku wakubwa 23. Usicheke, hiyo ni benki. Binamu yangu yuko darasa la saba na bibi alishapiga hesabu zake: kuku 8 wanauzwa Desemba, Januari mtoto anaingia kidato cha kwanza akiwa na sare, viatu na godoro la bweni. Hesabu hiyo haikuandikwa popote lakini nyumba nzima ilikuwa inaijua, mpaka watoto wadogo walikuwa wanajua jogoo yupi ni viatu.

Siku ya tatu ya likizo yangu tetea mmoja mwekundu, mwenye vifaranga 9, akaanza kujikunyata pembeni ya jiko. Uso umevimba upande mmoja, macho yamegandana, puani unatoka ute wenye harufu mbaya. Jioni wakawa wawili. Bibi akasema ni mafua. Mimi, msomi, nikasema bibi tulia, hili naliweza. Nikaenda duka la dawa za mifugo nikanunua ule unga wa oksitetrasaiklini ambao kila mtu anauita OTC, nikasoma maelekezo kwenye pakiti mara mbili, nikakoroga kwenye beseni, nikaweka uani.

Kuku wazima wakaja. Wakaonja, wakatikisa vichwa, wengine wakanywa. Wagonjwa hawakuja. Sasa fikiria mwenyewe: mgonjwa haoni, hana hamu, na beseni liko hatua kumi na tano kutoka alipojikunyata. Dawa ya kuweka kwenye maji inaenda kwa mwenye kiu na nguvu za kutembea. Anayeihitaji zaidi ndiye anayeikosa. Halafu nikagundua kwamba hata wale wazima walikuwa wameacha maji yangu machungu na kuhamia kwenye yale bibi aliyooshea vyombo. Kwenye makala yangu niliandika "changanya dawa kwenye maji ya kunywa" kama vile sentensi hiyo inajitosheleza.

Asubuhi yake yule mwekundu alikuwa amezidiwa. Nikachukua bomba la sindano la mililita 10, nikatoa sindano, nikalijaza maji ya dawa. Watoto wanne walimfukuza uwanja mzima mpaka akanaswa kwenye uzio wa miiba. Bibi akambana mabawa kifuani. Mimi nikamfunua mdomo, nikamwinua kichwa kuangalia juu kama tunavyomnywesha mtoto mkaidi, nikasukuma bomba lote kwa mara moja. Nilitaka yaishe.

Akakoroma. Sijui kama mmewahi kusikia kuku akikoroma, ni sauti ya mtu kabisa. Akapiga mabawa mara mbili, maji yakatokea puani, shingo ikalegea.

Bibi hakunikaripia. Kwetu bibi humtania mjukuu wa kiume kwa kumwita mume, basi akaniambia kwa upole tu, "Mume wangu, kibudu hicho. Kafukie mbali, mbwa wasimle." Akaenda kuwakusanya vifaranga akawafunika na tenga. Vililia mpaka usiku.

Kabla sijafukia akapita mama mmoja wa kijiji kile ambaye huchanja kuku nyumba kwa nyumba. Nilimwamkia, nikamweleza. Hakusema pole wala nini. Akamchukua yule marehemu, akamfunua mdomo, akaniita nisogee. Nyuma ya ulimi, chini kabisa, kuna kitundu kama mchano mdogo. "Unakiona? Hapo ndipo anapopumulia. Wewe una kifuniko kooni, ukimeza kinaziba. Huyu hana. Ulichommwagia chote kimeenda kwenye mapafu." Na kosa la pili lilikuwa la kumbana kifua. Kuku hana ule msuli wa kiwambo tulio nao sisi chini ya mapafu, anapumua kwa kutanua kifua chenyewe. Ukimkumbatia kwa nguvu unamziba pumzi hata kama nia yako ni njema. Kwa hiyo mgonjwa wa mafua, pua zimeziba, amekimbizwa, amebanwa, halafu amemwagiwa maji kwenye njia ya hewa. Nilifanya kila kitu isipokuwa kumkata kichwa.

Mgonjwa wa pili alikuwa tetea wa madoadoa. Yule mama akasema asishikwe sasa hivi, tungoje giza. Saa moja na nusu usiku akarudi. Kuku akishapanda kulala haoni vizuri gizani, unamnyanyua kutoka kwenye kichanja kama unavyonyanyua mkate. Hakuna mbio wala kelele. Akakaa kwenye kigoda, akamweka mapajani, akamfunika na kanga kichwa kikabaki nje. Akaagiza maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo na pamba. Akaanza na macho, taratibu, mpaka yale magamba yakalainika na jicho likafunguka. Kisha pua. Nikauliza mbona hampi dawa. Akasema, "Mwanangu, asiyeweza kupumua hawezi kumeza."

Halafu ndiyo likaja jambo lenyewe. Akachovya kidole kwenye maji, akakiweka pembeni ya mdomo wa kuku, pale sehemu ya juu inapokutana na ya chini. Tone moja likaning'inia. Hakumfunua mdomo kabisa. Tukangoja. Kuku akatulia muda, kisha akagonga mdomo, tap tap, tone likaingia, akainua kichwa mwenyewe akameza. Tone la pili. La tatu akalifuata kidole kilipo. Mkimwangalia kuku anavyokunywa kila siku mtaona ndivyo anavyofanya: anachota kidogo, anainua kichwa, maji yanateremka. Kazi ya kuinua kichwa ni yake, si yako. Alipoanza kupokea vizuri ndipo yule mama akaingiza dawa, kwa bomba lile lile nililoulia, lakini akibonyeza tone tone pembeni ya mdomo na kuacha nafasi ameze. Kijiko kimoja cha chai kilichukua dakika 12. Nilihesabu kwa saa, maana kazi yangu ni ya kufukuzana na muda na dakika 12 za kukaa kimya na kuku mapajani nusura zinitoe akili.

Siku nne zilizofuata kazi ikawa yangu, asubuhi na usiku. Nyanya iliyoiva sana ilisaidia, maana mgonjwa anayekataa maji huweza kudonoa nyanya na maji akayapata humo humo. Bibi akaongeza mchwa, ule wa kutega kwa chungu kilichojazwa samadi na majani makavu. Mayai tuliacha kula mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti zipite, jambo lililomuudhi bibi kuliko msiba wenyewe. Kuku wazima tuliwanyima maji ya pembeni asubuhi, beseni la vyombo likafungiwa ndani, wakapewa ya dawa wakiwa na kiu. Safari hii wakanywa.

Usiku mmoja nikapanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, ndiko mtandao unakopatikana, nikaanza kusoma. Nikakutana na wafugaji wa Ulaya na Marekani wanaofuga mjusi mmoja wa Australia mwenye miiba kidevuni kama ndevu, ndugu wa mbali wa wale mijusi wa vichwa vyekundu wanaopiga pushapu juu ya mawe kule Mwanza. Naye akiumwa hagusi bakuli la maji. Na ushauri wanaopeana ni ule ule: usimfunue mdomo kwa nguvu, dondosha tone puani mwake, ngoja alilambe, endelea polepole. Nikashuka nikamsimulia bibi. Akauliza, "Mjusi? Wanakula mayai yake?" Nikasema hapana, wanampenda tu. Bibi akacheka mpaka akakohoa.

Lakini Australia ina sehemu kubwa kwenye hadithi hii kuliko mjusi. Yule mama mchanjaji alikuwa ananisisitiza kitu kimoja: mafua tumeyaweza, kideri hatutakiweza. Kideri, wengine wanakiita mdondo, ndio ugonjwa wa Newcastle, uliotambuliwa mwaka 1926 kisiwani Java na kwenye mji huo wa Uingereza. Hauna tiba. Hapa tone la pembeni ya mdomo halisaidii, OTC haisaidii, shubiri na pilipili kwenye maji havisaidii. Ukiingia kwenye banda lisilochanjwa unaweza kuondoka na karibu kuku wote kwa wiki moja. Kinga yake kwa kuku wa kienyeji ni chanjo iitwayo I-2, iliyotokana na kazi ya Profesa Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, na sasa inatengenezwa hapa hapa, Kibaha. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, ndiyo maana inaweza kufika vijiji visivyo na friji, ingawa si ya kuachwa juani. Na dozi yake ni nini? Tone moja la jichoni. Jogoo mkubwa tone moja, kifaranga tone moja, kila baada ya miezi mitatu au minne.

Bibi alikuwa hataki. Miaka ya nyuma alichanja na kuku wakafa, kwa hiyo kwake chanjo ndiyo iliyoua. Nilitaka kumpa somo, nikamwacha yule mama aongee. Akamuuliza tu: siku mliyochanja, kulikuwa na kuku waliokuwa wameshaanza kuzubaa? Bibi akafikiri. Akasema ndiyo, wanne, ndiyo maana walikimbilia kuchanja. Chanjo hailinganishwi na dawa, akaambiwa, haimfufui aliyekwisha kuambukizwa, na inahitaji wiki mbili hivi kujenga kinga. Bibi hakujibu. Kesho yake akauliza bei.

Tulichanja siku tatu kabla sijaondoka, wale wa mafua wakiwa wamepona kabisa. Saa kumi na moja alfajiri, kuku wote wakiwa bado ndani, binamu yangu anashika tochi, bibi anahesabu kwa sauti. Wakubwa 22. Vifaranga waliobaki wa yule mwekundu 6. Hesabu ya Desemba imebadilika, godoro limetolewa kwenye kuku na kuwekwa kwangu, na sikubisha.

Wa mwisho alikuwa yule wa madoadoa. Yule mama akanikabidhi nimshike mimi. "Kifua ukiache," akasema. Nikamlaza ubavu kwenye mkono, jicho moja juu. Tone likaanguka, likakaa juu ya jicho kama kioo. Nikataka kumwachia. "Bado, asubiri." Kuku akanitazama, akapepesa.

"Haya, mwachie."