Kutoka Chuoni hadi Chuo Kikuu

Sisi watu wa pwani tuna neno moja kwa mambo mawili. Chuo ni kitabu, na chuo ni pale mtoto anapoketi mbele ya maalim akafundishwa alifu kwa kijiti. Nililitafakari neno hilo Agosti iliyopita, nilipokuwa miongoni mwa akina mama watatu tuliowasindikiza wasichana wa kidato cha tatu kuzuru Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Binti yangu alikuwa mmoja wao.

Tulivuka Likoni alfajiri, tukapita Lunga Lunga na Tanga, tukaingia Dar es Salaam usiku. Asubuhi yake tukapanda kilimani. Chuo hicho kilianza mwaka 1961 katikati ya mji, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, kisha kikahamia juu ya kilima mwaka 1964. Ndiyo maana wenyeji hukiita Mlimani. Tuliona Ukumbi wa Nkrumah, na tumbili wakipita vivulini bila kumwogopa mtu. Tuliingia katika maktaba mpya, iliyofunguliwa mwaka 2018, yenye nafasi ya wasomaji zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja. Wasichana wetu walinyamaza wenyewe, pasipo kuambiwa.

Baada ya sala ya adhuhuri katika msikiti wa chuo, tulionyeshwa nakala za miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Maktaba hiyo ina hazina kubwa ya miswada ya namna hii, mingi ikiwa ilikusanywa na J. W. T. Allen miaka ya 1960 kutoka majumbani mwa watu wa pwani. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia bintiye utenzi mwaka 1858, alitumia hati hii hii.

Dada aliyetuongoza, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alikiri kwamba yeye hawezi kuisoma. Binti yangu akasogea, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Alikwama mara kwa mara, kwani katika hati hiyo herufi moja huweza kusimama mahali pa b, pa p, na hata pa mb. Alijisahihisha, akacheka, akaendelea. Yule dada akachukua kalamu akawa anaandika anayoyasikia.

Kisha binti yangu akanigeukia. “Mama, zile karatasi za bibi zilikuwa na nini?”

Sikuwa na jibu. Mamangu alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha mfuko wa karatasi zilizoandikwa hivyo hivyo. Niliogopa zisije zikakanyagwa, pengine zina jina la Mwenyezi Mungu. Nikazichoma uani kwa heshima zote. Sikuzisoma kwanza, wala sikumwomba mtu anisomee. Na miaka yote tulizoea kusema kwamba bibi hakusoma.

Tuliporudi Mombasa tulilifungua kasha lake. Chini ya kanga, tuliikuta karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Binti yangu aliisoma jioni nzima. Haikuwa utenzi wala dua. Ilikuwa orodha ya jamaa waliochangia arusi yangu, na alichotoa kila mmoja: mchele, mbuzi, shuka, fedha. Mwishoni bibi aliandika majina mawili ya waliokuwa hawana kitu, nao wakaja kupika siku tatu.

Mmoja wao yu hai. Ijumaa iliyofuata tulikwenda kumtazama.

Enyi mama zangu na dada zangu, kabla ya kuwasha kiberiti, mwiteni mtoto aliyehitimu madrasa awasomee. Karatasi isiyofaa kukaa majumbani tutaistahi baadaye. Kwanza tujue ni nani aliyeiandika, na alitaka tukumbuke nini.