Ngoma, Kinanda na Jina la Mtunzi

Nyimbo za kanisani kwetu Kasungami nilizikuta zimekwisha changanyika, na kwa miaka mingi sikujiuliza nani alizichanganya. Kartie yetu, huku komini ya Annexe, Lubumbashi, ilikuwa bado na mahindi katikati ya nyumba. Korali ilikuwa na ngoma mbili na gitaa moja lenye kamba za kuungaunga. Tuliimba Kyrie kwa mapigo ya Kiluba, Utukufu kwa Kiswahili, wimbo wa shukrani kwa Kibemba, na hakuna aliyeshangaa.

Mwalimu wa korali aliweka nyimbo zote katika kaye moja iliyochakaa. Juu ya maneno aliandika do, re, mi. Pembeni, kwa wino mwekundu, alichora msalaba mdogo pale ngoma inapoingia na miwili pale inapotulia. Jina la mtunzi halikuwapo popote. Ukimwuliza anakujibu, "Ni ya misioni, mwanangu."

Mzee mmoja aliyesoma wakati mji ungali unaitwa Elisabethville ndiye aliyenitajia Joseph Kiwele. Nilimjua Kiwele kwa jambo moja tu, wimbo wa taifa wa Katanga wa 1960. Kumbe alikuwa mpiga ogani na mwalimu wa muziki, na alitunga misa ya Kikatanga ambamo sauti nne za kanisa la Ulaya zinakwenda sambamba na mapigo ya huku. Akawa waziri wa elimu katika serikali ya Tshombe, ile ya Katanga iliyojitenga, akafa 1961. Naona siasa ndiyo iliyomfunika: kila anayekumbuka kujitenga kwa Katanga anamkumbuka waziri, na mwanamuziki anasahauliwa.

Misa iliyovuma duniani ni nyingine, Missa Luba, iliyoimbwa Kamina mwaka 1958. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliiandaa na korali yake ya watoto na walimu, Les Troubadours du Roi Baudouin. Kyrie yake imefuata kasala, maombolezo ya Waluba. Sanctus imetoka katika wimbo wa kuagana. Sehemu kubwa haikuandikwa: waimbaji waliibuni wakiwa wanaimba. Miaka kumi baadaye Sanctus hiyo ikasikika katika filamu ya Mwingereza Lindsay Anderson, If.... Joachim Ngoi, mwimbaji kiongozi, alitajwa. Wenzake waliobuni naye wakabaki "korali" tu, na Haazen akapata sifa. Padri wa watu hakuiba kitu, lakini kipimo hicho cha kugawa sifa mimi sikikubali.

Kisha kwetu Kasungami kikaja kinanda cha umeme. Mwanzoni tulifurahi sana, nami nikiwemo. Kilikuwa na vitufe vya rumba, vya waltz, vya kila mdundo. Kijana mmoja akafanya kazi ya watu wanne. Ngoma zikahamia chumba cha nyuma, pamoja na viti vilivyovunjika. Kaye ya zamani ikanakiliwa na kutolewa fotokopi, maneno matupu, bila misalaba ya wino mwekundu. Jumapili moja umeme ukakatika katikati ya Utukufu. Waimbaji waliendelea, wamama wakapiga makofi, mtu akakimbilia ngoma; akasimama nayo mkononi, hajui aingie wapi. Mapigo yale yalikuwa ya wimbo huo hasa, na kitufe cha rumba hakikumfundisha mtu.

Siku hizi vijana wananionyesha kwenye simu Serge Kakudji, mzaliwa wa Kolwezi, mwenye sauti ya juu ya kontratena. Katika onyesho la Coup Fatal la 2014, alilolifanya na Fabrizio Cassol, Rodriguez Vangama na Alain Platel, anaimba Handel na Monteverdi huku wanamuziki wa Kinshasa wakipiga likembe, balafoni na gitaa. Zamani misa ya Ulaya ilivalishwa mapigo yetu huku huku. Leo mtu wa Katanga anauchukua muziki wa kale wa Ulaya na kuupeleka Vienna akiwa na likembe. Na safari hii kila jina limeandikwa.

Basi ninyi mnaoongoza korali, Kasungami na kwingineko: mkinakili wimbo, andikeni juu yake nani aliutunga, umetoka kijiji gani, na ngoma inaingia wapi. Wazee wanaojua bado wapo. Waulizeni mwezi huu.