Niliwaambia Wavue Kikande

Ushauri wenyewe ulikuwa wa maneno machache: pumzisheni tasi, vueni kikande. Niliutoa mbele ya kamati ya BMU moja (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) ya pwani ya kusini ya Kenya, nikauandika kwenye ripoti, na walionilipa mshahara wakaisifu ripoti hiyo. Ulikuwa ushauri mbaya. Kwa miaka nimekuwa nikiusimulia kana kwamba ulitolewa na "sisi", au na "mradi", ilhali mdomo uliousema ni huu wangu.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Ndani ya mwamba, tasi ndiye samaki wa fedha. Ndiye anayetegewa malema, na daftari la mizani lilionyesha kilo zake zikishuka na wengi wakivuliwa wangali wadogo, kabla ya kutaga hata mara moja. Kikande hakuwa hata na safu yake. Aliandikwa chini ya "mchanganyiko", pamoja na kila kilichokosa bei. Ngozi yake ngumu, kumpasua ni kazi, tajiri hamtaki. Hununuliwa na mama karanga, wale wanaokaanga samaki na kuuza, kwa sababu ni wa bei nafuu. Mimi nikaona samaki aliyelala bure. Malema yaondolewe kwenye nyasi za bahari anakolisha tasi, yasogezwe kwenye matumbawe, basi tasi atapumua na wavuvi hawatalala njaa. Wakati wa kusi, mitumbwi isipothubutu kutoka nje ya mwamba, ushauri kama huo hupokewa kwa mikono miwili.

Mzee mmoja wa malema hakuupokea. "Bwana samaki," aliniambia (waliniita hivyo ingawa sikuwa mtumishi wa serikali), "huyo ukimmaliza, miiba ataila nani?" Nilitabasamu kwa adabu. Katika daftari langu niliandika kwamba wazee wana imani fulani kuhusu kikande. Sentensi hiyo bado ninayo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na ndiyo inayonitia haya kuliko ripoti nzima.

Miiba aliyoitaja mzee ni ile mipira hai iliyojibanza kwenye mashimo ya mwamba, ambayo aliyewahi kuikanyaga maji yakiwa yamekupwa haisahau. Kikande ni mmoja wa wachache wanaoiweza. Ana meno ya kuvunja gamba. Huipindua mipira hiyo, akaishambulia upande wa chini ambako miiba ni mifupi. Asipokuwepo, miiba huzaana na kujaa, na kazi yake mchana na usiku ni kukwangua. Hukwangua mwani juu ya mwamba, na pamoja na mwani huo huondoka chokaa ya matumbawe yenyewe, kidogo kidogo, mpaka mwamba unaanza kuliwa kwa kasi kuliko unavyojijenga. Jamii nyingine ya miiba hushukia nyasi za bahari na kuacha mchanga mtupu nyuma yake.

Sasa fikiria anayekula nyasi na mwani huo huo ni nani. Ni tasi. Samaki niliyetaka kumwokoa nilimletea mshindani asiyevuliwa na mtu, kisha nikamwondoa aliyekuwa akimpunguza mshindani huyo.

Siwezi kujitetea kwamba elimu hii haikuwepo. Tangu miaka ya 1980 mtafiti Tim McClanahan na wenzake walikuwa wakilinganisha miamba inayovuliwa ya Kenya na ile ya hifadhi, kama Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968. Penye uvuvi mzito waliikuta miiba tele na kikande haba. Ndani ya hifadhi za zamani, kinyume chake. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2003 kuhusu kusimamia uvuvi kwa kuangalia mfumo mzima wa bahari ulikuwa kwenye mkoba wangu. Nilikuwa nikiunukuu katika utangulizi wa ripoti, halafu kuanzia ukurasa wa pili naendelea kuhesabu samaki mmoja mmoja.

Baadaye, bamvua moja, tulitembea hadi ukingo wa mwamba, na kila shimo lilikuwa na mkazi wake mweusi. Nisijitwishe lawama yote, maana hilo nalo ni majivuno. Joto la bahari la mwaka 1998 lilikuwa limeua matumbawe mengi, na majuya yaliburutwa hapo muda mrefu kabla yangu. Lakini mwamba uliodhoofika ndio uliomhitaji kikande zaidi, na mimi ndiye niliyeelekeza mitego kwake.

Tiba yangu ya kwanza ilikuwa na kichwa kilekile: vijana walipwe waipasue miiba yote. Aliyenizuia alinikumbusha kwamba jaribio la namna hiyo limewahi kufanywa kwenye miamba ya Kenya. Samaki waliongezeka, ndiyo, lakini mwani nao ulisitawi, kwani walaji wake wengine walikuwa wachache mno kuudhibiti. Pono, kangaja na tasi wanatakiwa wawepo kwanza. Wala lema lenye mwanya wa kutorokea halimsaidii kikande mkubwa; wembamba na wadogo hupenya, yeye hubaki. Anahitaji mkono wa mvuvi umtoe na kumrudisha majini, tena kwa miaka mingi, kwa kuwa hata ndani ya hifadhi hurudi polepole.

Niliporudi kwenye kamati kufuta maneno yangu, mzee wa malema hakusema kitu. Aliyesimama ni mama karanga. "Mwanangu, kikande akirudishwa baharini, mimi nitakaanga nini?" Katika ripoti zangu zote hakukuwa na mstari hata mmoja juu yake, na yeye pia hula kutokana na mwamba ule. Wakajadiliana wao kwa wao, wakakubaliana: kikande anayepanda akiwa hai arudishwe, aliyekufa auzwe.

Msimu ule karibu kila kikande aliyefika kwenye mizani alikuwa, kwa maelezo ya aliyemleta, amefia mtegoni. Sikumbishia mtu. Aliyewafundisha kwamba samaki huyo hana kazi baharini ni mimi.