Shajara ya banda la kuku, Choma

Jumapili, 2 Februari 2025

Mvua imepungua ila majaruba bado yamejaa, na jioni mbu hawavumiliki. Tetea mwekundu ameshinda akijikuna jicho. Nimemngoja alale ndipo nikamshika, maana mchana kuku wa kienyeji utamkimbiza hadi kwa watu.

Kwa mwanga wa tochi: vivimbe juu ya upanga na kimoja kwenye kope, kijivu kinachoelekea kahawia, kama punje za mtama. Nikivisukuma kwa kidole havisogei, vimeota kwenye ngozi yenyewe. Ni ndui. Gaga la kudonolewa huwa jeusi na bapa, limekaa juu ya jeraha, nalo hubanduka upesi. Jogoo wetu anayo mengi ya namna hiyo. Ni Singamagazi, aina ambayo watafiti wa kuku wa asili wameiandika kuwa ni ya Tabora, mrefu, mwili mkubwa, na upanga wa kutosha kumpa adui pa kushika. Kuchi wa jirani ana kaupanga kadogo mno, basi kila wakipigana wetu ndiye anayerudi na damu.

Jumatatu, 3 Februari

Shemeji kapita asubuhi, kashauri sindano ya oksitetrasaikilini. Kila kuku akijikunja hapa mtaani, dawa ni hiyo hiyo. Nimemwambia, "Shemeji, ndui ni kirusi, sindano hiyo haikigusi." Inasaidia pale tu vidonda vinapoingiwa na bakteria, na ukishamchoma, mayai yake huli wala huuzi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Kaniangalia kama ninayebana hela.

Nilichofanya: nimemtenga kwenye tenga chini ya chandarua kikuukuu, nimepaka ayodini kwenye vivimbe, jicho nimeliosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Magaga sibandui. Kirusi hukaa humo miezi, na gaga likianguka sakafuni, mwenye mkwaruzo wowote huambukizwa. Nimemfunua mdomo pia: safi. Ingekuwa kuna utando wa njano kooni ningekuwa na hofu nyingine, maana ndui ya ndani humziba pumzi. Mchicha na papai bivu kwa wingi. Anayeumwa jicho haoni chakula, lazima umsogezee.

Mama mkwe kauliza kama watoto wataipata. "Hapana, mama, tetekuwanga ni ugonjwa mwingine kabisa." Hata hivyo kawakataza kusogelea tenga.

Alhamisi, 6 Februari

Mjukuu kaja mbio: pora ana ndui! Nimemtazama. Vidoa vyeusi vimejipanga kuzunguka jicho na kushuka kwenye ndevu, vidogo, vyote saizi moja. Hao ni viroboto. Hawaruki ukiwagusa kwa kuwa wamezamisha midomo kwenye ngozi, ndiyo maana wengi huwadhania magaga. Nimewapaka mafuta ya mgando mazito wakose hewa, nikawatoa mmoja mmoja kwa kibanio. Mjukuu akawa anahesabu, akachoka kabla yangu.

Kazi yenyewe iko sakafuni, kwani mayai ya kiroboto huangukia vumbini na buu hukulia humo humo. Tumekwangua banda lote, takataka tumechoma, majivu tumemwaga kwenye shimo wanakooga vumbi. Na mbwa akaguliwe masikio. Viroboto hawa hawachagui.

Jumatano, 12 Februari

Kuku mzee anachechemea. Magamba ya miguu yameinuka, chini yake unga mweupe. Utitiri wa miguuni. Watu hapa humwagia mafuta ya taa, nami sikubali: yanaunguza ngozi, na kuku hawezi kusema. Maji ya moto kiasi na sabuni, mswaki mkuukuu taratibu bila kung'oa gamba, halafu mafuta ya mgando hadi katikati ya vidole. Nitarudia kila wiki mpaka magamba mapya yatokee. Vijiti vya kulalia nimevipaka pia, kwani wanaambukizana wakiwa wamebanana usiku.

Jumamosi, 22 Februari

Magaga ya tetea yameanza kuanguka yenyewe. Nayaokota na kuyachoma. Kifaranga mmoja kafa, kooni njano tupu. Mama yao hana hata doa.

Jumanne, 4 Machi

Tetea katoka tengani, upanga una makovu, jicho zima. Huyo hahitaji chanjo, kinga ameshaipata kwa taabu. Waliobaki ndio wa kuwahi. Chanjo ya ndui haidondoshwi jichoni kama ile ya mdondo; inachomwa kwenye utando wa bawa, kwa sindano ya ncha mbili. Baada ya wiki moja hivi unafunua bawa: ukikuta kauvimbe mahali pale, imeshika. Ukikuta pasafi, umepoteza nguvu.

Shida ni kwamba chupa moja inatosha kuku mamia, na ikishachanganywa isizidi saa mbili. Mtu mmoja mwenye kuku ishirini ataimwaga bure. Kwa hiyo nimepita nyumba hadi nyumba kuomba tuchange na tukusanyike alfajiri moja, bwana mifugo akiwepo, barafu iwe imetoka Igunga mjini. Wengi wameitikia. Mwenye Kuchi naye atachangia, ila anadai jogoo wake achanjwe wa kwanza, na wetu afungwe kamba.