Huyu Nyigu Hana Shida na Wewe, Mbona Unamuua?

Ukisikia "nyigu" najua unachowaza: kile kidude chenye kiota kwenye dari kinachokufukuza bafuni na mswaki ungali mdomoni. Sahau huyo. Kuna mwingine anaitwa Cotesia flavipes, na leo nimekuja kumtetea, kwa sababu tunamuua bila hata kujua yupo.

Tuanze na mwili wake. Ana urefu wa milimita 2 hadi 3 tu. Mweke juu ya punje ya mchele na nafasi inabaki. Ni mweusi, ana mabawa manne yanayopitisha mwanga, na miguu ya manjano. Hilo flavipes lenyewe ni Kilatini, maana yake ndiyo hiyo hiyo: miguu ya manjano. Dume utamjua kwa vipapasio, virefu kuliko vya jike. Mwiba wa jike wa kutagia ni mfupi mno, na hana haja nawe. Halafu kifua chake ni bapa, kama mtu aliyebanwa kiti cha nyuma cha matatu.

Huo ubapa ndio silaha yake. Adui wake, funza anayeitwa Chilo partellus, hukaa ndani ya bua la mahindi akilitafuna. Jike hufuata harufu ya mmea ulioliwa na kinyesi cha funza, kisha anaingia kwenye lile shimo kwa miguu, gizani, kukutana na mnyama anayemzidi ukubwa mara nyingi. Na funza anauma! Majike wengi hufia humo humo. Anayewahi anamdunga na kumwachia mayai kama 40, pamoja na virusi vya kulemaza kinga ya mwili wake. Watoto wanamla kutoka ndani kwa karibu wiki mbili, wanatoboa ngozi, wanatoka na kujisokotea vifuko vyeupe. Sinema ya kutisha, lakini upande wetu ndio unashinda.

Funza mwenyewe ni mgeni kutoka Asia. Ndiyo maana watafiti wa icipe, Nairobi, walimfuata nyigu huyu Pakistan na kumwachilia Pwani ya Kenya mwaka 1993. Alienea, na idadi ya funza hao mashambani Pwani ikapungua.

Sasa, Agosti nilikuwa kwa mjomba wangu Kilifi. Amepasua bua, akakuta funza mfu na rundo la vifuko vyeupe kando. Akainua kiatu. "Mayai ya funza haya!"

"Mjomba, ngoja, usivikanyage. Hao ndio wanaomuua."

"Wewe wa Nairobi ndiyo unifundishe mahindi?"

Ni swali la haki, amelima kabla sijazaliwa. Ila fikiria: funza hatagi, ni mtoto. Anayetaga ni nondo, na mayai yake hubandikwa kwenye jani. Mjomba alilirudisha bua shambani, si kwa kuniamini, ila kwa kunichoka.

Kilichoniuma ni kwamba pesa za dawa alikuwa ametenga tayari, na si pesa ndogo kwa mtu anayelipa karo. Funza akishaingia ndani ya bua, dawa ya kunyunyiza haimfikii. Amejificha. Anayetembea nje kwenye majani akitafuta shimo ni nani? Nyigu wetu. Kwa hiyo unalipa kumuua mlinzi huku mwizi amelala ndani.

Sisemi dawa ni haramu. Funza akiwa bado mchanga juu kwenye majani, inaweza kumpata. Wala nyigu huyu si muujiza wa kila mahali. Kule nyanda za juu kuna funza mwingine, Busseola fusca, ambaye mwili wake huyazingira mayai ya nyigu na kuyaua. Huko kazi inabaki kwa ndugu yake wa hapa hapa Afrika, Cotesia sesamiae.

Ninachosema ni hiki: tumezoea kuamini chupa yenye lebo kwa sababu tunaiona. Mfanyakazi wa milimita 3, asiyedai hata shilingi, hatumhesabu. Kwa hivyo ukienda ushago likizo hii, ukipasua bua na kukuta vifuko vyeupe kando ya funza mfu, viache shambani. Na ukiwa na mjomba kama wangu, mwambie mapema, kabla hajafika dukani.