Tununue Kamera au Lenzi?

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, watoto wakiwa wamekwisha lala, tuliketi sebuleni kwetu Ngamiani, Tanga, bahasha ya fedha ikiwa mezani baina yetu. Ndani yake mlikuwa na shilingi 1,600,000, akiba ya miezi kumi na minne ya kupiga picha za harusi. Kwamba fedha zile zirudi kazini, hilo tulilikubaliana zamani. Tulichohitilafiana ni kitu cha kununua: kamera mpya, au lenzi mpya ya kuvisha kamera tuliyonayo.

Sisi ni mume na mke, na kazi hii tunaifanya wawili kwa sababu harusi zetu zina pande mbili. Mume hupiga picha za akdi msikitini kwa wanaume, kisha huipeleka kamera hadi mlangoni kwa kina biharusi na kuikabidhi, na mke akaingia nayo kule ambako mume hana ruhusa ya kukanyaga. Picha za ndani ni amana. Mke ndiye azichaguaye, azisafishaye na azichapaye kwa mashine yetu ndogo ya nyumbani, kisha akazikabidhi mkononi mwa mama mwenye shughuli. (Suala lenyewe la picha lina maneno yake kwa wanavyuoni, nasi si watu wa kulitolea hukumu, tunaeleza tu jinsi tunavyoifanya kazi tunayoitiwa.)

Kamera yetu ni Nikon D3200, toleo la mwaka 2012, na lenzi yake ni ile ile iliyokuja nayo ndani ya boksi, ya milimita 18 hadi 55. Mchana, nje, chini ya mwembe, haina tatizo. Matatizo huanza taa zinapowashwa.

Mume alitaka kamera, na hoja zake hazikuwa za mtu mwenye tamaa ya kitu kipya. Alikuwa amepata habari ya Nikon D750 iliyokwisha tumika, bila lenzi, kwa shilingi 1,500,000. Kamera ile ina nafasi mbili za memori kadi, na kila picha inaweza kuandikwa kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Yetu ina nafasi moja. Mwenzetu mmoja wa kazi hii alirudi nyumbani na kadi isiyofunguka, na akdi nzima ikawa imepotea. Akdi hairudiwi kwa ajili ya mpiga picha. Tangu siku ile mume hakupata usingizi mzuri usiku wa harusi mpaka picha zihamishwe. Tena kamera ile huvumilia giza kuliko yetu, kwani kihisi chake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea nuru, ni kikubwa zaidi, hivyo picha za usiku hutoka na chenga chache.

Mke alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba watoto, mimi nina picha moja ambayo wewe hujaiona wala hutaiona." Akaieleza.

Ilikuwa harusi ya miezi mitano nyuma. Chumba cha biharusi kilikuwa na balbu moja ya manjano. Bibi yake biharusi, mzee sana, aliinuliwa na wajukuu wawili ili amwekee mjukuu wake mkono kichwani na kumwombea dua. Mke alikuwa upande wa pili wa chumba, akaivuta lenzi mpaka mwisho, 55, akapiga. Flashi alikuwa ameizima kwa sababu mzee alikuwa na maradhi ya macho, na vioo vya kabati vilikuwa vikiirudisha nuru yake usoni mwa kila mtu. Picha ikatoka na mkono ukiwa wazi, maana ulikuwa umetulia kichwani, na uso wa bibi ukiwa kama uliopitishwa kitambaa kibichi, maana alikuwa akitikisika kwa dua. Siku arubaini baadaye yule bibi alifariki. Familia ilipouliza kama tuna picha yake ya siku ile, tulikuwa nayo hiyo moja tu. Hawakutulaumu hata kwa neno. Laiti wangetulaumu.

Basi usiku ule tuliacha kubishana tukaanza kuichunguza picha yenyewe, mke akiwa na kompyuta magotini na mume akisomewa namba tu. Kila picha huhifadhi ndani yake habari za jinsi ilivyopigwa. Lenzi ilikuwa f/5.6. Muda wa kufyatua, 1/10 ya sekunde. Uwezo wa kuhisi nuru, ISO 3200. Mume alinyamaza kidogo aliposikia namba ya katikati. Picha ile haikuharibiwa na chenga, ambazo ndizo kamera mpya ingezipunguza. Iliharibiwa na mwendo. Tundu la lenzi lilikuwa dogo, nuru ikaingia kidogo kidogo, kamera ikalazimika kukaa wazi muda mrefu, na mzee akasogea ndani ya muda huo. Lenzi yetu ina kifaa cha kutuliza mtikisiko, lakini kifaa hicho hutuliza mkono wa mpigaji. Hakiwezi kumtuliza anayepigwa.

Namba hizi za f huwachanganya wengi, nasi zilituchanganya miaka miwili ya mwanzo, kwani huenda kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi inayofunguka hadi f/1.8 huingiza nuru karibu mara kumi ya ile iliyo kwenye f/5.6. Tofauti hiyo hakuna mtu anayehitaji jicho la fundi kuiona.

Hata hivyo hatukununua usiku ule wala wiki ile. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumeponzwa na haraka: tulinunua mkononi mwa mtu lenzi ya milimita 50 yenye herufi D, nzuri na ya bei nafuu, tukafika nyumbani ikawa hailengi yenyewe. Lenzi za namna hiyo hutegemea mota iliyomo ndani ya kamera, na kamera za daraja letu hazina mota hiyo. Sisi hutakiwa kutafuta zilizoandikwa AF-S, zenye mota yao wenyewe. Muuzaji hakutudanganya. Hatukumuuliza. Tuliiuza kwa hasara.

Safari hii tuliazima kwanza. Mwenzetu mmoja alitupa lenzi yake ya milimita 35, AF-S, f/1.8, kwa siku mbili. Tukazima taa zote isipokuwa moja, tukamketisha binti yetu mkekani tukamwambia acheze kama kawaida yake. Kwa lenzi ya zamani, ikiwa imevutwa hadi 55, kamera ilitupa 1/15 ya sekunde. Kwa ile ya kuazima, tukiwa tumesogea karibu na kufungua f/2, ISO ikiwa ile ile, tulipata 1/125. Vidole vya mtoto vilionekana kimoja kimoja. Kisha mke akapitia picha zake za harusi sita akihesabu alizipiga kwa umbali gani wa lenzi, akakuta nyingi ziko baina ya 28 na 40. Kumbe hiyo 35 ndiyo tuliyokuwa tukiishi nayo bila kujua.

Jambo la mwisho lililomfanya mume airudishe karatasi yake ya hesabu mfukoni ni hili. Lenzi yetu ya zamani imetengenezwa kwa kihisi kidogo. Ukiifunga kwenye D750, kamera hiyo hutumia sehemu ya katikati tu ya kihisi chake, na picha hushuka hadi takriban megapikseli 10, ilhali kamera yetu ya zamani inatoa 24. Kwa hiyo tungetoa milioni moja na nusu tupate picha ndogo kuliko tulizonazo, na lenzi moja ya kugombaniwa na kamera mbili, mpaka tupate fedha nyingine.

Tulinunua lenzi kwa shilingi 380,000. Hofu ya mume hatukuidharau: tuliongeza kadi mbili na diski ya pili, jumla 260,000, na sasa kadi hubadilishwa pale mlangoni kamera inapokabidhiwa, ili akdi na shughuli za ndani zisilale mahali pamoja. Hakuna anayelala kabla picha hazijawa katika diski mbili. Ada za watoto za Januari zikachukua 600,000.

Lenzi yenyewe ina ukaidi wake. Katika harusi ya kwanza mke aliifungua yote, f/1.8, akapata jicho la biharusi zuri ajabu na mama yake aliyekuwa nyuma hatua moja akawa ukungu mtupu. Siku hizi watu wawili huwapiga kwa f/2.8, na safu za mashangazi kwa f/4 au zaidi, akiwaomba wasimame sawa.

Familia ya yule bibi ilirudi baadaye. Binti yake aliomba ile picha ichapwe vivyo hivyo ilivyo, kwa sababu mkono unaonekana na pete yake anaijua. Mke aliichapa, akakataa malipo.

Bahasha imerudi sandukuni ikiwa na shilingi 360,000, na juzi mume ameanza tena kuitaja ile kamera ya kadi mbili.