Kilichopiga maji kwenye mayungiyungi

Kila familia ina ubishi wake usiokwisha. Wengine hubishana kuhusu shamba la urithi, wengine kuhusu nani alimlea nani. Sisi tuliozaliwa na kukulia Kariakoo tunabishana kuhusu samaki. Au mamba. Au kenge. Inategemea umemuuliza nani. Ubishi huu una zaidi ya miaka 30, na ukija kula pilau kwetu siku ya Idi utausikia.

Marehemu baba alikuwa na duka dogo la kamba, nyavu na vifaa vya uvuvi, si mbali na soko kuu. Wateja wake wengi walikuwa watu wa bahari, lakini yeye hakuwa mtu wa bahari. Alizaliwa upande wa Mlandizi, karibu na Mto Ruvu, mto uleule unaoteremka kutoka milima ya Uluguru na kutupatia maji ya bomba hapa mjini. Shule zikifungwa alitupandisha basi, mimi na kaka yangu, mwendo wa kilomita kama 60 hivi, kwenda kwa bibi. Mshipi, ndoano na chubwi alichukua dukani kwake. Fito tulikata hukohuko.

Tulivua kwenye dimbwi lililoachwa na mto baada ya kubadili njia yake. Maji yake yalikuwa yametulia, na zaidi ya nusu yalifunikwa na majani ya mayungiyungi, mapana kama sahani. Chini ya majani hayo walikaa perege. Tuliwasikia wakifyonza wadudu, sauti ndogo kama ya mtu anayembusu mtoto.

Asubuhi moja mwaka 1989, jua halijachomoza vizuri, chura alikuwa ametulia juu ya jani, hatua nne hivi kutoka ukingoni. Ghafla jani likainuka. Maji yakapasuka kwa kishindo kama mtu ametupa tofali, matone yakatufikia usoni. Tulipofumbua macho, jani lilikuwa limechanika katikati na chura hayupo. Mawimbi yalikwenda yakitikisa majani mengine mpaka ng'ambo. Hatukuona mgongo, wala mkia, wala kichwa.

"Mamba!" kaka alipiga kelele.

"Baba, si kambare yule?" mimi nikauliza.

"Sijui, wanangu," baba akajibu.

Hakukimbia wala hakutukemea. Alitushika mikono akaturudisha nyuma, kisha akasimama mbele yetu akiyatazama maji kwa muda mrefu. Baadaye akakunja mshipi, tukaenda kunywa chai kwa bibi.

Tangu siku hiyo kila mtu ana upande wake. Mimi ni wa kambare, na nina sababu. Kambare ana kiungo karibu na mashavu yake kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana huishi hata kwenye tope ambalo samaki wengine wangekufa. Usiku mimea ya majini hutumia hewa iliyomo kwenye maji bila kutengeneza nyingine, hivyo alfajiri maji ya dimbwi huwa na hewa kidogo kuliko saa zote, na kambare hupanda juu mara kwa mara. Akipanda akamkuta chura, hamwachi.

Kaka ni wa mamba. Anasema Ruvu ina mamba na viboko, jambo ambalo hakuna mwenyeji atakayelikataa, na kwamba mamba mdogo chakula chake ni vyura na samaki. Mjomba wetu ni wa kenge, kwa kuwa kenge ni hodari wa kuogelea na hujirusha majini kwa kishindo. Huyo tunamshinda kwa urahisi. Siku ile hakuna kilichoanguka kutoka juu. Jani liliinuka kwanza.

Baba hakuwahi kuchagua upande. Tukimbana sana alitabasamu na kubadili mazungumzo.

Alifariki mwaka 2012. Usiku wa arobaini yake, wageni wakiwa wameondoka, ubishi ukaanza tena, pengine kwa sababu ya kumkumbuka. Mama alitusikiliza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baba yenu alikuwa na dada yake. Alichukuliwa na mamba akichota maji Ruvu. Baba yenu alikuwa na miaka saba, walikuwa wote."

Tulinyamaza. Tulijua tu kwamba tulikuwa na shangazi aliyefariki mdogo. Hatukuwahi kuambiwa alifariki vipi.

Hapo ndipo mambo mengi madogo yalipopata maana. Baba hakuturuhusu kunawa mikono ukingoni. Alichota maji kwa ndoo yenye kamba ndefu. Hatukuvua mahali pamoja siku mbili mfululizo, kwa sababu mamba huzoea mahali na saa ambazo watu hufika. Na wakati wote baba alisimama kati yetu na maji. Tulidhani hizo ni kanuni za uvuvi tu.

Mtu yule alikuwa na kila sababu ya kutukataza mto, au kututisha nao tusisogee kabisa. Badala yake alitupeleka, akatufundisha, na alipoulizwa asichokijua alisema hajui, huku akiturudisha nyuma.

Naandika haya kwa sababu ya mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka 11. Kutoka Kariakoo hadi bonde la Jangwani ni mwendo mfupi kwa miguu. Baada ya masika Mto Msimbazi huacha madimbwi, na watoto huenda huko kuvua. Mwaka jana alirudi nyumbani na ndoo yenye kambare mmoja mdogo, uso umejaa furaha. Wifi yangu alipiga kelele, na kaka akataka kumchapa.

Hofu yao ni ya kweli. Msimbazi unabeba maji ya vyoo na ya viwandani, na yule kambare hatukumla. Tena mto ule unaanzia vilima vya Pugu. Mvua ikinyesha huko, maji yanaweza kujaa Jangwani wakati sisi Kariakoo tumeanika nguo juani. Wazazi wa mji huu wamezika watoto kwa sababu ya maji yale.

Lakini mtoto aliniuliza swali: "Shangazi, sasa nikavue wapi?" Hakuna aliyemjibu. Fimbo ingemtoa Jangwani siku ile tu. Mtoto anayependa maji atayafuata, na akiogopa kutuambia, atayafuata peke yake.

Mzazi mwenzangu, kukataza peke yake ni kazi nusu. Ukimfungia mtoto njia ya hatari, mwonyeshe njia nyingine, na ikibidi ufuatane naye. Nilimwambia kaka hivyohivyo, nikamkumbusha ya baba. Alikaa kimya, halafu akauliza nauli ya Mlandizi siku hizi ni shilingi ngapi.

Tumekubaliana kwenda likizo ya Juni. Ndoano na mshipi nimeshanunua, na ndoo yenye kamba ndefu ipo tayari. Mtoto ameniuliza kama ni kweli Ruvu kuna mamba. Nimemwambia ndiyo, wapo, na kwa hiyo yeye atasimama nyuma yangu.